Koti la Labani

Jumamosi ile nyumba yetu ya Mlali ilifurika watu mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Mama mdogo alikuja na wanawe wanne. Mashoga wa dada Magreth walikaa barazani wakimenya vitunguu na kumchambua kila aliyepita njiani, na jikoni masufuria matatu yalichemka kwa mpigo. Mimi napenda nyumba ikiwa hivyo; nyumba kimya hunitia wasiwasi. Lakini siku hiyo hata zile kelele hazikunituliza, maana watu wote wale walikuja kwa jambo moja. Mjomba Fransisko alikuwa anateremka kutoka Mgeta kuja kuijibu barua ya Anselmi.

Kwetu Waluguru baba anakulea, anakusomesha, anakupenda mpaka basi, lakini neno la ndoa ni la mjomba. Na mjomba wetu alikuwa na barua ya posa ya Anselmi Haule kwa miezi mitatu bila kuifungua. Aliitia katika mfuko wa ndani wa koti lake, akatembea nayo misani, mnadani, hadi matangani. Akiulizwa, alijipiga kifuani.

"Ipo," alijibu. "Haijapotea."

Koti lenyewe lina habari yake. Alilipata kwenye mitumba ya mwanzo mwanzo, soko huria lilipofunguka na marobota yakaanza kumwagwa Morogoro mjini. Kijani cha jani la mgomba, mabega mapana kama mlango wa ghala, vifungo vinametameta. Alilivaa huko juu kwenye baridi, na alilivaa Mlali kwenye jua la kukausha mihogo. Watoto waliliona likishuka mlimani kabla hawajamtambua mwenye nalo, wakapiga kelele, "Mjomba wa Mwalimu huyooo!"

Mwalimu ni mimi, Editha. Nafundisha watoto mafundisho ya dini kanisani kwetu, Jumamosi mchana.

Na sababu ya barua kutofunguliwa sote tuliijua. Mjomba alimwambia Mama mbele yangu bila kupepesa: "Magreth yupo hapa, hajaolewa. Mdogo atatokaje mkubwa kakaa? Unataka watu waseme lukolo wetu hauna utaratibu?" Lukolo ni ukoo wa upande wa mama, na mkubwa wa lukolo wetu ni yeye.

Dada Magreth hakuwepo. Alikuwa Dar na lori la kabichi.

*

Niliwakimbia wageni saa nane, nikaenda kanisani. Anselmi alikuwa ameshafika, ameketi kwenye ngazi na rundo la karatasi mapajani, wino wa kudurufia umemchafua mpaka kwenye sikio.

"Mwalimu, umechelewa."

"Nyumbani kumejaa, Fundi. Sikio lako lina wino."

"Nifute basi."

"Kanisani?"

"Nje ya kanisa. Hizi ni ngazi."

Nikamfuta kwa ncha ya kanga yangu, haraka, huku nikiangalia njiani. Alitulia kama mtoto anayenyolewa. Macho yake yalinitazama kwa chini, yale macho yanayoniondolea maneno, mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema tangu nizaliwe.

Anselmi ni mtu wa Songea. Miaka minane alichora maua ya kanga kwenye kiwanda kimoja mjini, kiwanda kikauzwa, wachoraji wote wakapunguzwa. Akafungua kibanda karibu na stendi, akawa anaandika mabango ya saluni na gereji. Alikuja kwetu kupaka rangi ubao wa matangazo, akanisikia ndani nikiwakaririsha watoto kumi na mmoja, nusu yao wamelala. Akaingia na brashi mkononi.

"Samahani, Mwalimu. Hawa wanasikia, ila hawaoni. Wape wapake rangi."

"Rangi gani, na picha gani?"

"Picha nitachora mimi."

Ndivyo tulivyoanza. Alichora kwenye stensili, ile karatasi ya nta, kwa kalamu ya chuma, tukadurufu kwa mashine ya parokia, na pakiti za krayoni za Kichina zilikuwa zimeshajaa madukani mjini. Watoto kumi na mmoja wakawa ishirini. Wakawa arobaini na wawili. Mzee Lukasi, katekista wetu, aliyekuwa akisema rangi ni mchezo, siku moja alimuuliza mtoto wa miaka mitano Nuhu alikuwa nani, akaelezwa mpaka idadi ya madirisha ya safina. Hakusema tena neno. Nilitembea Mlali nzima kichwa juu wiki ile!

"Leo tumefika wapi?" aliniuliza, ingawa karatasi alizichora mwenyewe.

"Yakobo kwa Labani."

Naapa sikuichagua hadithi hiyo. Tulianza na uumbaji baada ya Pasaka, tukaja Nuhu, tukaja Ibrahimu na Isaka. Jumamosi ile ilikuwa zamu ya Yakobo, basi.

Nilichukua karatasi moja. Labani amesimama mlangoni kwake, mkono umenyooka kama anayekataza. Yakobo yuko mbele yake na fimbo ya kuchungia. Nyuma kabisa, kisimani, Raheli na mtungi, anacheka. Nikasogeza karatasi karibu.

"Anselmi. Raheli ana mwanya."

"Eti?"

"Ana mwanya kwenye meno! Kama wangu."

"Biblia haikusema kama hakuwa nao," alijibu, akajifanya anapanga krayoni.

Nilicheka, kisha nikairudisha karatasi kwenye rundo. Nilikumbuka bahasha aliyoipata kutoka Mwanza. Kiwanda cha huko kilimwita, kazi ileile ya kanga, aanze wiki inayokuja. Basi lake lilikuwa Jumatatu alfajiri.

"Mjomba akisema ndiyo, siendi," alisema bila mimi kuuliza. "Nabaki na kibanda changu na watoto hawa. Akisema hapana, Editha, sitaweza kukaa Morogoro tukawa tunapishana sokoni tukisalimiana kama majirani. Bora niende."

"Na akisema subiri?"

"Nimesubiri miezi mitatu. Kwetu barua isiyofunguliwa ni jibu."

"Kwetu siyo."

"Basi nifundishe kwenu ni nini."

Nikageukia mlango. Watoto walikuwa wanaingia, wanasukumana, kila mmoja anataka kukaa karibu na pakiti ya krayoni. Anselmi akapiga makofi, akawapa sheria yake ya siku zote, ile ya chumba cha kuchorea kanga.

"Mistari yangu haina mlango! Rangi inakaa wapi?"

"Ndaaani!"

"Ikitoka nje?"

"Kanga imeharibika!"

Nikawasimulia hadithi. Nikasema Yakobo alikwenda kwa Labani, na Labani alikuwa kaka wa mama yake. Irene, binti wa jirani yetu, miaka sita, meno ya mbele hana, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, kaka wa mama ni mjomba?"

"Ndiyo, ni mjomba."

"Kama mjomba wako?"

Wakati huo Anselmi alikuwa anainama kumchongea mtoto krayoni, shingo yake imepigwa na jua la dirishani, na mimi nilikuwa nahesabu siku mbili zilizobaki za kuiona shingo ile. Nikajibu bila kufikiri.

"Ndiyo, Irene. Mjomba ni mjomba."

Nikaendelea. Yakobo akafanya kazi miaka saba, akapewa Lea badala ya Raheli, maana Labani alikataa kumtoa mdogo kabla ya mkubwa. Watoto waliguna kwa hasira, "Aaah!" Ndipo nikaitwa dirishani. Mjomba amefika, Mama ananitaka. Nikamwachia Anselmi darasa.

Jioni aliniletea mabaki ya krayoni mpaka mlangoni, hakuingia, maana kwa desturi mposaji hamtangulii jibu lake. Hata mshenga ndiye aliyepeleka barua. Hakuwa amemwona Mjomba hata mara moja.

"Kijani kimekwisha chote," alisema. "Pakiti kumi na mbili! Sijui leo wamepatwa na nini. Lakini wamepaka vizuri, Mwalimu, hawajatoka nje ya mstari. Kesho nitazitundika mwenyewe, baada ya misa kila mtu azione."

Nilikuwa na mwiko mkononi, na sauti ya Mjomba ikivuma sebuleni. Nikasema haya, sawa, asante. Sikuuliza kijani kimekwenda wapi.

*

Jumapili misa ilipokwisha watu walitoka nje wakasimama ghafla. Anselmi alikuwa amefunga kamba kutoka mti wa msalaba mpaka kwenye nguzo ya kengele, na picha arobaini na mbili zilipepea kwa pini za nguo. Yeye mwenyewe alisimama pembeni, shati jeupe limepigwa pasi, uso wa mtu aliyevuna.

Kwanza nilijivuna naye. Kisha nikaona.

Yakobo wengine walikuwa wekundu, wengine njano, mmoja zambarau kichwa mpaka miguu. Raheli alikuwa na kanga za kila namna. Lakini Labani! Labani wote arobaini na mbili walivaa koti la kijani. Watoto walikuwa wameongeza vifungo vya njano, viwili viwili, mpaka chini. Mmoja alimwongezea na mabega.

Kicheko kilianzia kwa kina mama wa kwaya. Kwanza wakijiziba kwa vitambaa, halafu mmoja akashindwa, halafu uwanja mzima.

"Jamani, Mzee Fransisko kaingia Agano la Kale!"

"Tena kakataza mlangoni, tazama mkono!"

Mjomba alitoka kanisani wa mwisho, amevaa koti lile lile. Watu wakampisha. Alitembea taratibu kutoka picha ya kwanza mpaka ya ishirini hivi, fimbo yake ikigonga kokoto, na kadiri alivyotembea vicheko vilikufa kimoja kimoja. Kisha akageuka, akaniangalia mimi.

"Editha."

"Abee, Mjomba."

"Mimi nimekukosea nini?"

"Mjomba, naapa mimi sikuwaambia..."

"Ulikuwa na neno, ungekuja Mgeta ukaniambia. Unanitundika kwenye kamba kama nguo ya ndani, mbele ya parokia?"

Anselmi alisogea. Nilimwashiria kwa macho abaki, hakubaki. Alikuwa amelitazama koti, ametazama picha, ametazama koti, na damu yote imemtoka usoni.

"Shikamoo, Mzee."

Mjomba hakuitikia. "Nani huyu?"

"Mimi Anselmi Haule. Picha nimechora mimi, na mimi ndiye niliyekaa na watoto. Editha hakuwepo, alikuwa anakupikia wewe. Kosa ni langu."

"Wewe ndiye uliyewaambia kijani?"

"Sikuwahi kukuona, Mzee. Nilidhani wanapenda kijani tu."

Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Mjomba alitia mkono kifuani, ndani ya koti, nami nikajua kitakachofuata: angeitoa ile barua na kumrudishia Anselmi, mbele ya watu wote, na kesho alfajiri basi lingeondoka na mtu wangu. Nikamshika Mama.

Ndipo Irene akapenya katikati ya sketi za watu, akaenda mpaka miguuni pa Mjomba.

"Mbona unamgombeza Mwalimu? Labani ni mjomba. Mjomba ni wewe. Mjomba anavaa koti."

"Nani kakwambia Labani ni mjomba?"

"Mwalimu."

Mjomba akamgeukia katekista. "Lukasi. Wewe ndiye mwenye kitabu. Ni kweli?"

Mzee Lukasi alikohoa, akafunua Biblia yake akaisogeza mbali na macho. "Kweli kabisa. Yakobo alikwenda kwa kaka wa mama yake. Imeandikwa hivyo, tena inarudiwa rudiwa."

"Na neno la kuwatoa mabinti lilikuwa lake?"

"Lake. Ila yeye pia ndiye baba yao."

"Sikuuliza ubaba," alisema Mjomba. "Nimeuliza neno." Na nilimwona, kwa mara ya kwanza tangu atoke kanisani, akinyoosha mgongo. "Kwa hiyo hata huko, mjomba alikuwa mjomba."

"Alikuwa," alisema Mzee Lukasi. "Na alisema kama wewe: mdogo hatoki kabla ya mkubwa. Lakini Fransisko, soma yote. Alichofanya hakikumpa sifa. Alimfunika mkubwa akampeleka kwa mtu asiyemtaka."

Ndipo ikasikika nyuma yetu sauti ya dada yangu Magreth, aliyekuwa ameshuka kwenye lori la Dar asubuhi ile, kofia bado kichwani, miguu na vumbi lake.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba."

"Nina la kusema, niseme hapa au nikaseme nyumbani?"

"Nyumbani watu ni walewale. Sema."

"Huyo Lea, Mzee Lukasi, si wanasema macho yake yalikuwa mabovu?"

"Dhaifu," alisahihisha katekista.

"Haya. Mjomba, nitazame. Macho yangu ni mazima. Nauona mzigo wa karoti uliooza ndani nikiwa ng'ambo ya barabara. Mwanamume nikimtaka nitamwona, na siku hiyo nitakuletea barua yake mwenyewe, na uitie ndani ya hilo koti ukitaka. Lakini usinifanye mimi kufuli la mlango wa mdogo wangu. Miezi mitatu nasikia 'Magreth hajaolewa, Magreth hajaolewa,' mtu angedhani nina ugonjwa! Mimi nalisha nyumba ile. Lukolo huu hauna aibu kwangu. Unayo?"

"Hauna," alisema Mjomba, upesi kuliko alivyokusudia.

"Basi sema watu wasikie."

Mjomba alitazama uwanja. Sisi sote tulikuwa tunamtazama yeye: Mama, mashoga wa Magreth na midomo yao wazi, kwaya nzima.

"Lukolo wangu," alisema kwa sauti ya mlimani, "hauna aibu kwa Magreth. Atakayesema mkubwa kaachwa aje Mgeta aniambie mimi."

Halafu akainama kwa Irene. "Picha yako ipi?"

Irene akamwonyesha. Labani wake alikuwa kijani kuliko wote. Raheli alikuwa na kanga nyekundu na mwanya wa njano. Yakobo alikuwa mweupe, karatasi tupu.

"Huyu mbona hukumpaka?"

"Sijui anavaa nini. Mwalimu hakusema."

"Mna kijani?"

"Kimekwisha. Mimi nimebakiza hiki, nilikificha." Akatoa mfukoni kipande kidogo kama punje ya haragwe.

Mjomba akakipokea. Mkono ule umechimba matuta miaka hamsini. Sidhani kama uliwahi kushika rangi. Akaichomoa picha kwenye pini, akatafuta mahali pa kuiegemeza, akatia mkono kifuani akaitoa bahasha ya Anselmi. Ilikuwa imekunjamana na imelainika kwa jasho la miezi mitatu, lakini ilikuwa bado imefungwa. Akaiweka chini ya karatasi kama ubao, juu ya goti lake. Akaanza kupaka.

Hakuna aliyecheka. Alimpaka Yakobo taratibu, ulimi nje kidogo kama watoto wenyewe, mpaka kile kipande kikaisha kwenye vidole. Akampa Irene picha yake.

"Sasa anavaa hivi," alisema. "Kama mjomba wake."

Nilitaka kulia, nikacheka. Nikataka kucheka, nikalia. Mjomba akaingiza ukucha kwenye bahasha, akaichana, akampa dada yangu karatasi iliyokuwa ndani.

"Soma, Magreth. Wewe ndiye mkubwa. Polepole, nisikie kila neno la mtu huyu. Na wewe," akamgeukia Anselmi, "marahaba. Mwanza utawaambia una kazi. Ukoo wangu unasali kwenye vigango vinne huko juu na watoto wao wanasinzia kwenye mafundisho. Utawapandia na hizo karatasi zako."

"Nitapanda, Mzee."

"Mjomba," alisahihisha.

"Nitapanda, Mjomba."

Magreth akaanza kusoma kwa sauti ile ya kuuzia kabichi, na kina mama wakaanza vigelegele kabla hajafika mstari wa pili. Anselmi alisogea mpaka bega lake likagusa langu. Nikamwona anaitazama picha ya Irene, anaitazama tena, mdomo unamcheza.

"Nini?" nilimnong'oneza.

"Mjomba ametoka nje ya mstari. Tazama, kijani kimemwagika mpaka kwa Raheli."

"Wewe Fundi, thubutu kumwambia."

Hakumwambia. Irene tulimbembeleza kwa pakiti nzima ya krayoni, kijani ndani, ndipo akatuachia picha. Iko kwenye fremu sebuleni kwetu mpaka leo, na sebule yetu, namshukuru Mungu, haijawahi kukosa wageni. Wakiniuliza kwa nini kijani kimetoka kwa Yakobo kikamfunika Raheli bega zima, nawaambia wakae vizuri, chai inakuja.